Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Blogu yangu, Ukuta Mkavu, imetimiza miezi saba leo. Wasomaji wa jana: wanne. Mmoja ni mimi kwa simu. Wa pili ni mimi kwa kompyuta. Wa tatu ni Fundi Chokaa, mwashi wa nyumba ya mkabala, ambaye huingia ili kunichafulia jina tu. Wa nne anajiita Msomaji Mtulivu, na huyo ndiye binadamu. Kila asubuhi huacha maneno mawili chini ya makala: "Nimefaidika, daktari." Simjui. Nakisia ni mhandisi mstaafu. Ana adabu ya watu waliosoma.

Udaktari nimejipa mwenyewe. Miaka sita niliuza rangi, mpaka duka lilipopunguza watu wakaanza na mimi. Mtu hawezi kukaa na makopo ya rangi miaka sita asijue habari za kuta.

Nimesoma kwamba mwandishi akitaka kuaminika aoneshe ushahidi. Picha ya kabla, picha ya baada. Hapo ndipo kwenye shida: sina kabla. Nyumba yetu ni kavu kabisa! Nilimweleza mke wangu kwamba ukavu huu utanimaliza. Alisimamisha cherehani, akanitazama kitambo, akaendelea kushona.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Kama unyevu hauji wenyewe, utaletwa.

Chumba cha nyuma kina ukuta unaotazama uwanja mdogo wa udongo ambapo hakuna anayepita. Humo hulala mama mkwe tangu alipofiwa na mumewe. Kila asubuhi hutoka kuota jua barazani, miwani puani, simu mkononi, saa nzima. Wakati huo nikazunguka nyuma na ndoo. Ndoo tatu chini ya ukuta, polepole, udongo unywe. Mke wangu akanichungulia. Nikasema napanda mboga. Alifurahi jamani, akasema kumbe bado nina mikono. Nimejisikia vibaya kidogo, lakini kwa sababu ya mikono, si ya mboga.

Alhamisi, 6 Machi

Makala ya leo: "Rangi ya Mafuta, Ngao ya Ukuta." Nilieleza jinsi nilivyopaka nyumba yangu yote ndani mwaka jana, matabaka mawili, na jinsi inavyong'aa. Chini kabisa niliweka kaulimbiu yetu: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dakika kumi hazijapita, Fundi Chokaa kaandika kwamba rangi ya mafuta huyafungia maji ndani ya ukuta, yakishaingia hayatoki. Ikwanguliwe, madirisha yafunguliwe, ukuta upumue. Mistari miwili. Watu watano, sijui walitoka wapi, wakamshukuru. Watano! Makala yangu ilikuwa na vifungu kumi na saba na hakuna aliyenishukuru isipokuwa Msomaji Mtulivu. Mtu hajui hata kuweka mkato mahali pake, na watu wanamsikiliza. Nimefuta maoni yake. Nimemwaga ndoo nne.

Jumamosi, 8 Machi

Limetokea! Doa la upana wa sahani, juu kidogo ya kitanda cha mama mkwe. Rangi imevimba.

Kuupiga picha ukuta ikawa kazi. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hilo halihitaji kuandikwa. Nilisubiri atoke, nikavua viatu, nikaingia kwa ncha za vidole uso nimeugeuzia ukutani. Khanga zake zimekunjwa juu ya kiti. Mto umesogezwa upande wa pili, mbali na doa. Niliona aibu, naandika ukweli. Nikapiga picha tatu, nikatoka. Doa bado halina uzito wa kutosha. Nitaendelea na ndoo siku chache zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Wasomaji sitini na mmoja! Picha ya kabla imewatisha. Niliandika kwamba ni nyumba ya mteja, na kwamba nitaiponya mbele ya macho yao.

Na zaidi: Msomaji Mtulivu amezungumza. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote hii. Nanukuu: "Daktari, samahani kwa kukusumbua. Chumba ninacholala ukuta unatoa maji. Asubuhi kifua kinabana. Nifanyeje?"

Mgonjwa wa kweli! Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mtu asiyenijua kaniwekea afya yake mikononi. Nilimjibu kwa kirefu. Afunge dirisha mchana na usiku, maana unyevu hutoka nje. Asiruhusu mtu kukwangua rangi. Akae humo humo, joto la mwili husaidia kukausha. Hilo la joto la mwili nilibuni pale pale, lakini lilikaa vizuri kwenye sentensi. Nikamalizia: usisikilize mafundi wa mitaani.

Akajibu: "Nitafanya hivyo hivyo. Mungu akuzidishie." Nilikaribia kulia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeacha ndoo tangu jana. Ukuta haukauki. Doa limefika ukubwa wa mlango wa kabati, na sasa lina vidoadoa vyeusi pembeni, nadhani ni kuvu. Nimejaribu feni kwa kisingizio kwamba mama mkwe anasikia joto. Akaikubali kwa shukrani, akaizima nilipoondoka mlangoni.

Halafu anakohoa. Kikohozi kirefu, kinaanza alfajiri, kinapita ukuta mpaka mezani kwangu. Leo kimenivunjia sentensi mara tatu. Nilimwomba mke wangu amwambie mama kwa upole ajaribu kukohoa akiwa barazani. Mke wangu alichukua mkasi akaenda kukatia kitambaa chumbani kwa mama yake, na huko akakaa mpaka jioni. Baadaye aliniambia kwamba mle ndani hakuna hewa, kwamba mama hataki dirisha lifunguliwe hata kidogo na hasemi kwa nini. Nikamwambia wazee ndivyo walivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Wasomaji wanadai picha ya baada. Mmoja kaniuliza kama mteja bado yu hai.

Mfa maji hukamata maji. Leo Fundi Chokaa alipokwenda kazini nilipitisha mkono na simu katika dirisha lake lililo wazi (lipo wazi daima, mtu hana la kuibiwa) nikapiga picha ukuta wake wa sebuleni. Mweupe, mkavu, umenyooka. Nikaiweka: "Siku nne tu baada ya tiba ya Daktari." Pongezi zikamiminika. Sijawahi kupongezwa hivi tangu nioe.

Jumamosi, 15 Machi

Balaa. Fundi Chokaa kaandika: "Huo ni ukuta wangu. Huo msumari natundikia shati la sikukuu. Na shati lenyewe hilo hapo."

Kweli lipo. Mkono wa kushoto wa shati unaonekana pembeni mwa picha. Sikuuona kwa sababu ya pongezi.

Watu mia mbili na tisa wamecheka. Wengine wameniita Daktari wa Kuta za Watu. Mtu mmoja tu kasimama upande wangu, Msomaji Mtulivu: "Msimcheke. Daktari hawezi kumdhuru mtu. Mimi mwenyewe nimefunga dirisha kama alivyosema, na nasubiri nafuu." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Huyo ndiye msomaji. Mmoja kama huyo anatosha.

Jioni Fundi Chokaa alibisha hodi. Hakuja kugomba, jambo lililoniudhi zaidi. Alisema amepita nyuma, ameona udongo umeloa hadi kwenye msingi, na anasikia mama anakohoa. Akajitolea kuja kesho na patasi kukwangua ile rangi, bure, asubuhi moja tu. Nilimwambia nyumba hii ina mtaalamu wake tayari. Akaitazama miguu yake, akaaga.

Jumatatu, 17 Machi

Mama mkwe amepelekwa hospitali asubuhi. Hakuweza kumaliza neno bila kuvuta pumzi. Fundi Chokaa na mke wangu walimshika huku na huku. Mimi nilibeba mkoba. Mlangoni alinigeukia akaniomba radhi kwa usumbufu.

Makala haikutoka leo. Msomaji Mtulivu naye kimya.

Jumatano, 19 Machi

Nimetoka wodini. Nimekaa na kalamu muda mrefu.

Muuguzi alitupokea kwa malalamiko. Alisema mgonjwa wetu anashuka kitandani kila wakigeuka na kufunga madirisha ya wodi nzima. Wakiyafungua, anafunga. Amewaambia wagonjwa wote kwamba unyevu hutoka nje, kwamba yuko daktari aliyeandika hayo, na kwamba daktari huyo ni mkwe wake. Wanawake wawili wa vitanda vya jirani nao wameanza kufunga.

Mke wangu akaninyooshea simu ya mama yake. Juu ya kioo lilikuwa jina la anayeandika: Msomaji Mtulivu.

Nilidhani simu imekosea. Nikafungua. Maneno yote yalikuwa humo, nimefaidika, nimefaidika, nimefaidika, miezi saba. Na lile swali.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, tunakula meza moja. Alivuta pumzi kwanza.

"Mwanangu, umenipa chumba. Nikija usoni kwako niseme kina maji, ningeonekana nanung'unika. Kule nilikuwa msomaji tu."

Nilitaka kumwambia habari za ndoo. Neno lilifika kooni kabisa. Halafu mwanamke wa kitanda cha jirani akauliza kama mimi ndiye yule daktari, na mama mkwe akasema ndiye, kwa fahari, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Nikamwambia tu aache dirisha wazi. Akatabasamu akasema nisimjaribu, maandishi yangu ameyasoma yote.

Ijumaa, 21 Machi

Amefariki saa nne asubuhi. Siwezi kuandika mengine.

Jumanne, 25 Machi

Tumemzika Jumapili. Watu wengi. Fundi Chokaa ndiye aliyelijengea kaburi, pembe zake zote zimenyooka.

Leo mke wangu alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alichutama, akagusa udongo, akaufukua kidogo kwa kidole hapa na pale. Wiki tatu tangu nianze kumwagilia, hakuna hata jani. Akaingia ndani.

"Ulipanda nini pale?"

Nilisema mbegu zilikuwa mbovu.

Alinitazama mpaka nikahisi mikono yangu haina pa kwenda. Alikunja vitambaa vya wateja, akafunga nguo zake. Alisema anakwenda kwa dada yake na atamtuma mtu achukue cherehani. Nilimwuliza atarudi lini. Alisema yeye si ukuta, asiwekewe siku za kukauka.

Nyumba bila cherehani iko kimya kupita kiasi. Nilizoea kuulaumu ule mlio kwa kila makala mbovu. Ninamlilia mama mkwe, naandika wazi. Ninamlilia na mke wangu. Nimekaa chini jikoni nikalia kama mtu asiye na nyumba.

Jumatano, 2 Aprili

Siku nane sijaandika. Nimefikiri sana, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Mada ilikuwa pana mno! Kuta, rangi, misingi, madirisha. Mtu hawezi kuaminika kwa yote. Abobee kwenye jambo moja analolijua kwa uchungu wake mwenyewe. Blogu mpya: Kifua na Chumba. Makala ya kwanza nimeshaianza, na picha ya kabla ninayo.

Nimehamishia meza chumba cha nyuma, ili niandikie karibu na ushahidi. Doa limepita kitanda. Fundi Chokaa alikuja tena na patasi yake, akaomba, nusura apige magoti. Alisema hata kama si kwa ajili yangu, basi kwa heshima ya marehemu. Nilimshukuru nikafunga mlango. Huyu bwana anatafuta makala ya kwake. Nakohoa kidogo asubuhi, lakini ni vumbi la kuhama.

Mtambo wa blogu umeniletea taarifa: "Msomaji wako mkuu hajaonekana kwa wiki mbili. Umtumie ukumbusho?" Kidole kilikaa juu ya kitufe. Halafu nikafikiri, blogu mpya haiwezi kuanza na sifuri. Nikabonyeza ndiyo.

Simu ikalia nyuma yangu. Ndani ya ule mkoba wa hospitali, chini ya khanga, bado ina chaji. Ililia mara moja ikanyamaza. Niligeuka nikautazama mkoba, na mkoba ukawa kama unanitazama. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi zangu. Niliinuka nikafunga dirisha.

Mtambo unasema ukumbusho umepokelewa. Hakuna aliyeujibu. Kesho nitatuma mwingine.