Nani Alilegeza Breki za Mguu-Chini?

Gazeti la Jumatatu lilitufikia kwenye mkahawa wa Mebrat likiwa limeshasomwa na kinyozi na muuza mikate, na lilikuwa na doa la siagi kwenye hali ya hewa. Fizikia akalifungua, akavaa miwani, akakohoa. Alifundisha fizikia miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kusoma kitu bila kukohoa kwanza.

"Ukurasa wa sita, chini ya bei ya vitunguu," akasema. "Sikilizeni. 'Wakazi wa Nefasit wameshangazwa na mwendesha baiskeli asiyefahamika aliyekatiza mji wao jana asubuhi kwa mwendo wa kutisha. Waliomwona wanasema alivaa suti ya rangi ya maziwa na alikuwa akiimba.'"

Sote tukageuka kumtazama huyo asiyefahamika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na simu, na suti yenyewe bado anayo mwilini, goti moja limechanika. Kikombe chake cha makiato, ile kahawa yetu ya maziwa, kilikuwa kimepoa zamani.

"Sikuwa naimba," akasema.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napiga kelele."

Huyu ni Zeremariam, fundi cherehani wa mtaa wetu, ila hakuna anayemwita hivyo isipokuwa padri. Jina lake ni Mguu-Chini. Miaka kumi na moja ameendesha baiskeli nasi kila Jumapili, na miaka kumi na moja, tukifika pale Asmara inapoisha na barabara inaanza kuporomoka kwenda Massawa, yeye huteremsha mguu, anasimama. Siku moja tumbo linauma. Siku nyingine tairi halina upepo. Kuna mwaka alifiwa na shangazi Jumapili nne, shangazi yule yule.

Sasa ikatokea kwamba amempenda Abrehet wa Ghinda, mji wa chini kwenye barabara hiyo hiyo, mjane anayekuja mjini kila Alhamisi kuuza machungwa na mapapai. Na mtu akipenda huongopa. Akamwambia yeye ni mwendesha baiskeli hodari. Abrehet alivumilia miaka sita, kisha akasema maneno machache: sijawahi kukuona huku chini, ukitaka kutuma wazee nyumbani kwetu, njoo nao kwa baiskeli, au usitume mtu.

Wazee ni sisi. Na kwa desturi yetu mchumba haonyeshi uso wake wazee wanapomposea. Kwa hiyo tukapanga: tutateremka wote, yeye atabaki darajani nje ya mji wa Ghinda, sisi tutaingia, tutaongea, tutajibiwa. Ndivyo tulivyopanga. Lakini tulipofika, saa nzima baadaye, tulimkuta uani kwa kina Abrehet, uzio umepinda nyuma yake, bakuli la bisi mapajani, amekaa uso kwa uso na Mzee Okbazghi, kaka mkubwa wa bibi harusi.

Mzee Okbazghi hakututukana. Heri angetutukana. Alisema, "Nitapiga simu kesho saa nne, nitauliza swali moja." Basi ndiyo maana Jumatatu hiyo tulikuwa tumeizunguka simu ya Mebrat tangu saa mbili.

"Mimi naomba tuanze na kosa kubwa," akasema Kapiteni. Kapiteni ndiye huongoza msafara wetu. Anavaa kofia ya mashindano ya mwaka ambao hautaji. "Mtu amenipita kwenye mteremko. Miaka ishirini na moja hakuna aliyenipita kwenye mteremko. Kiongozi hapitwi, hiyo ni sheria."

"Kaka, mwenzio anangoja jibu la mke, wewe unalilia kupitwa," Mebrat akamwambia, huku anafuta kaunta.

"Dada, wewe hukuwepo. Nilinyoosha mkono juu, ishara kwamba kuna nyani barabarani. Kila mtu akapunguza mwendo. Halafu nasikia upepo sikioni, naona mkia wa koti. Nyani wenyewe walisimama pembeni kwa adabu."

"Mmoja alimpigia saluti," nikasema.

"Redio, wewe nyamaza. Wewe ulikuwa mwisho."

Redio ni mimi. Wanasema sizimiki. Nilikuwa mwisho kwa sababu kwenye msafara lazima awepo mtu wa kuokota walioanguka, na kazi hiyo hupewa mwenye moyo. Kapiteni anasema hupewa mwenye kitambi.

"Tatizo ni mafunzo," Fizikia akasema. "Wiki nzima Kapiteni alimfundisha vibaya."

"Mimi? Mimi nilimwambia breki hushikwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Nikamwambia shika, achia, shika, achia, usiing'ang'anie kama mkono wa mama mkwe. Nikamwambia kati yako na wa mbele ziingie baiskeli mbili. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba ulimfokea. Mtu anayefokewa hukakamaa, na mwili uliokakamaa haupindi kona. Mimi nilimwelekeza kisayansi. Pedeli ya nje iwe chini, makalio nyuma, viwiko vilegee, na macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Ukiitazama njia, utafuata njia."

Mguu-Chini akainua kichwa. "Nilitazama ninakotaka kwenda, Mwalimu."

"Ulitazama wapi?"

"Kwa kina Abrehet."

"Nilikuwa na maana ya mita ishirini mbele."

"Hukutaja mita."

Mebrat alicheka mpaka akaweka glasi chini. Kapiteni hakucheka. Alikuwa anazungusha kofia yake mkononi, na mimi nikimwona mtu mzima anazungusha kofia najua kuna kitu kimemkaa kooni.

"Sema tu, Kapiteni."

"Sina la kusema." Akaizungusha tena. "Labda jambo dogo. Jumamosi jioni, alipoiacha baiskeli yake hapa nje, nililegeza breki yake ya nyuma. Kidogo tu. Skrubu mzunguko mmoja."

Mebrat akaacha kuosha glasi.

"Ulilegeza breki ya mtu anayeogopa mteremko," Fizikia akasema polepole.

"Kwa wema. Huyu angeishika kutoka Arbaroba mpaka Ghinda. Raba za breki zingeungua, gurudumu lingekwama konani, tungekuja kumwokota korongoni na suti yake. Nikasema nimpunguzie nguvu kidogo."

"Ya nyuma?"

"Ya nyuma."

Fizikia akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Basi kuna jambo. Ya mbele nililegeza mimi. Mizunguko miwili. Breki ya mbele ikishikwa kwa woga, mtu anaruka juu ya usukani. Ni hesabu rahisi kabisa."

"Mwalimu mzima."

"Sikujua kama na wewe umegusa ya nyuma. Mimi nilihesabu kwamba ya nyuma ni nzima."

"Na mimi nilihesabu kwamba ya mbele ni nzima."

Wakaanza kugombana nani alihesabu vibaya zaidi, na mimi nikaona hapa ndipo mwanaume mwenye akili anapokwenda kukojoa. Nilikuwa nimeshainuka. Mebrat akaniita.

"Redio, kaa. Leo umetulia sana."

"Nina kiu tu."

"Redio."

Nikakaa. "Nilipaka mafuta kwenye raba," nikasema. "Tone moja kila upande. Sikujua kama hawa mabingwa wameshapita. Mimi nilitaka tu zisipige kelele, mnajua breki zake zinavyolia, angewashtua hata watawa kule mlimani."

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani. Aliisahau chupa yake hapa."

"Yaani umepaka breki za mtu kwa mafuta yake mwenyewe," Kapiteni akasema, na alivyonitazama nilijua cheo changu cha mwisho wa msafara kipo mashakani.

"Wewe Mebrat je?" nikauliza, maana lawama ikigawanywa kwa wengi hupungua uzito.

"Mimi nimefanya nini? Mimi nilizinyunyizia maji ya baraka. Alfajiri, kabla hamjaja."

"Breki?"

"Nilitaka kumnyunyizia yeye, alikuwa hajafika. Baiskeli ndiyo ilikuwepo."

Kapiteni akainuka, akasimama mbele ya kiti cha Mguu-Chini kama mtu anayekwenda kutoa rambirambi. "Ndugu yangu," akasema. "Tumelegeza nyuma, tumelegeza mbele, tumepaka mafuta, tumemwagia maji. Kuwa hai kwako ni kazi ya Mungu peke yake. Nakuomba msamaha. Hata kunipita nimekusamehe."

 Mguu-Chini alikuwa anaitazama simu. Nilimwona mikono yake, ile mikono inayoweza kupitisha uzi kwenye sindano gizani, inajaribu kuufunika mpasuko wa goti, na kusema kweli moyo uliniuma. Mtu wa miaka hamsini na nane, mpole, amempata mtu wa kumpenda, na sisi tumekwenda kumharibia kwa skrubu.

Saa nne simu ikalia.

Mebrat akaipokea, akasema ndiyo, ndiyo, tupo, akampa Kapiteni. Kapiteni akavaa kofia kwanza. Akasikiliza. Kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Swali ndilo hili," akanong'ona. "Anasema wazee wa Ghinda wanauliza mchumba gani anaingia uani kabla ya wazee wake. Wanasema ni dharau. Lakini kama breki zilikataa, basi ni ajali, na ajali haina dharau, jambo limekwisha. Anauliza: breki zilikataa, au hazikukataa?"

Tulitazamana. Sijawahi kuona dhambi ikigeuka kuwa neema kwa haraka namna ile. Fizikia alinishika mkono. Mebrat akafanya ishara ya msalaba.

"Zilikataa," Fizikia akasema. "Mwambie zilikataa, na mashahidi tupo wanne."

"Mwambie mimi peke yangu nilikataza mizunguko mmoja," Kapiteni akajiambia mwenyewe, kwa furaha hata sarufi ilimtoka.

"Na mafuta, usisahau mafuta," nikasema.

"Hazikukataa."

Aliyesema hivyo ni Mguu-Chini. Alisimama, na goti la suti likachanika zaidi.

"Kaa chini, kaka, tunakuokoa," Kapiteni akamnong'oneza.

"Jana alfajiri nilizikagua. Mimi kazi yangu ni kukaza uzi, siwezi kushika kitu kilicholegea nikakiacha. Nikakuta ya nyuma imelegea, nikaikaza. Ya mbele nikaikaza. Nikanusa raba, nikajua mafuta ni yangu, nikazifuta kwa kitambaa. Maji nilidhani umande."

"Kwa hiyo breki zilikuwa nzima," Fizikia akasema.

"Nzima kabisa. Nilizijaribu pale juu. Zinalia vilevile."

"Sasa kwa nini hukuzishika, mwanangu?" Mebrat akamuuliza, ingawa amempita mwaka mmoja tu.

Mguu-Chini akafikiri. "Mpaka Nefasit nilizishika. Shika, achia, kama mlivyosema. Na nilikuwa napiga kelele, hilo nakubali. Halafu nikaona kona ya kwanza imepita, ya pili imepita, mimi bado nipo. Joto likaanza kunipiga usoni, ule upepo wa chini. Nikafikiri, darajani nitasimama nifanye nini? Miaka kumi na moja nimesimama." Akavuta koti lake likae sawa. "Kuanzia pale Nefasit gazeti limesema kweli. Nilikuwa naimba."

Akanyoosha mkono kuomba simu. Kapiteni akaishikilia.

"Ukisema hivyo, umemkosa."

"Nimemwongopea miaka sita. Lete."

Simu ya Mebrat ni ya zamani, mtu akiongea upande wa pili hata kinyozi wa jirani anajibu. Kwa hiyo tulisikia yote bila kujitahidi, ingawa Kapiteni alijitahidi mpaka kidevu chake kikawa begani kwa Mguu-Chini.

"Mzee Okbazghi, shikamoo. Ni mimi, Zeremariam. Breki zilikuwa nzima. Nilikuja mwenyewe."

 Upande wa pili tukasikia kishindo, mtu akisema nipe, mwingine akisema ngoja kwanza, kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa.

"Rudia."

"Zilikuwa nzima, Abrehet. Nilikuja kwa makusudi."

"Haya. Kaka yangu tangu jana ananibembeleza nikubali kwamba ni breki, ili wazee wa mtaa wasitucheke. Nimemwambia, kama ni breki, basi huyo mtu alikuwa anakwenda Massawa, uzio wetu ndio uliomzuia, tumfungulie aendelee na safari yake. Siolewi na mtu kwa sababu ya uzio." Akapumua. "Kwa hiyo ni makusudi."

"Ni makusudi."

"Njoo Jumapili. Utangulie tu, nimeshazoea. Na hao wazee wako waambie wapande basi, bisi zilipoa kuwangoja."

Akakata. Mguu-Chini akairudisha simu mahali pake taratibu, akakaa, akanywa makiato yake ya baridi yote kwa mara moja. Mebrat akapiga vigelegele mpaka kinyozi akaja mlangoni na wembe mkononi. Mimi nililia kidogo, nasema wazi, na anayetaka kunicheka anicheke.

"Basi," Kapiteni akanung'unika. "Mimi nipande basi."

"Panda tu, kaka," Mguu-Chini akamwambia. "Usije ukapitwa tena."

Mebrat akatufukuza, anataka kuosha sakafu. Tukaagana mlangoni kwa kugonganisha mabega, tukasema mambo mazuri ya undugu na kuaminiana. Halafu, kabla ya mtu yeyote kupanda, Kapiteni akachuchumaa kando ya baiskeli yake akaanza kubinya breki. Fizikia naye akachuchumaa. Mimi nilinusa raba zangu moja moja, zote nne, kisha nikaamua kwenda nyumbani kwa miguu.