Viti Vinne Maktabani

Jumatatu, 6 Mei
Siku ya hamsini na tatu tangu Bwana Ngoma aninunie. Miaka tisa tumepiga pamoja, yeye ngoma, mimi kinanda! Nilimwambia tu kwamba anakimbia. Wimbo ni mapigo mia na kumi kwa dakika. Yeye alifika mia na kumi na mbili. Ushahidi nilikuwa nao, nimeuandika. Akaniambia nikaoe saa ya ukutani. Akabeba ngoma zake, akaenda.

Sijali. Mezani nina mashine tatu zisizonuna. Mashine ya ngoma. Sinthesaiza, kinanda changu cha umeme. Sampla, inayonasa sauti yoyote na kuirudisha ukibonyeza kitufe. Waya zinaziunganisha: moja inaongoza, mbili zinafuata bila ubishi. Leo nimebandika lebo kwenye kila waya. Meza imependeza. Hakuna wa kumwonyesha.

Jumanne, 7 Mei
Maktaba ya mtaa imepakwa rangi, inafunguliwa upya Jumamosi alasiri. Wanataka muziki. Mkutubi kasema ni bendi tu, mtu mmoja hapana. Mwaka jana walimchukua mpiga filimbi mmoja, akagoma kushuka jukwaani. Nikajaza fomu. Idadi ya wasanii: wanne. Si uongo. Mashine tatu na mimi.

Jumatano, 8 Mei
Nimemtumia Bwana Ngoma tangazo la Jumamosi. Bila neno lolote, asije akadhani namwalika. Alilisoma saa nne na dakika sita. Tangu hapo nimeangalia simu mara kumi na nane, kujua saa.

Dada kapiga. Eti kaka, mwombe tu mwenzio samahani, kwani itakung'oa jino? Nikamwambia niko mazoezini na wenzangu. Akauliza wenzangu gani. Nikasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 9 Mei
Mazoezi. Sampla inaongoza. Zimeanza pamoja, zimemaliza pamoja. Hakuna aliyekosea. Hakuna aliyecheka pia. Katikati ya wimbo wa tatu Bwana Ngoma alizoea kupaza sauti: Twende! Nafasi hiyo nimeiacha. Sekunde mbili. Ndefu mno. Nikajaribu kusema mwenyewe. Jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 10 Mei
Wazo! Mashine ya ngoma ndiyo iongoze, ili Bwana Ngoma akija ajue pengo lake limezibwa. Nikaivua sampla uongozi, nikaiambia ifuate. Nilipotaka kuipa mashine ya ngoma cheo chake, simu ikalia. Niliirukia! Mkutubi. Alitaka kujua wasanii wanne wanahitaji viti vingapi. Nikasema vinne. Nikabaki na simu mkononi, labda italia tena. Kisha nikafungasha kila kitu.

Jumamosi, 11 Mei
Viti vinne. Chupa nne za maji. Nimekaa kiti cha pili, ili pasionekane patupu sana. Maiki ya sampla nimeielekeza kwa watu, nimeiwasha inase makofi ya kutumia nyumbani. Mkutubi akauliza wenzangu wako wapi. Nikamwonyesha meza. Aliitazama kwa huruma, kisha akanitazama mimi kwa huruma ile ile.

Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya! Mashine ya ngoma sikuwahi kuipa uongozi. Zote tatu zilikuwa zinasubiri nyingine ianze, taa zinawaka, adabu tupu. Watu arobaini wananitazama. Mzee wa mbele akamnong'oneza mkewe kwamba wimbo huu ndio hasa unaofaa maktaba.

Nikiwa natafuta pa kuipa mashine ya ngoma uongozi, nikasikia kiti kinapigwa. Bwana Ngoma! Kumbe alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Sasa alikuwa amekaa kiti cha nne, amepakata cha tatu, anakitandika kwa viganja. Nikaziacha nyaya, nikaweka mikono kwenye sinthesaiza. Wimbo wa tatu, katikati, akapaza sauti: Twende! Mkutubi alicheza mpaka miwani ikadondoka.

Robo saa nzima. Alikimbia, ndiyo. Akanywa maji ya watu watatu, akaniita saa mbovu, akaniambia Jumanne niende kwake tupige. Nikatoa leso. Ile rangi mpya inawasha macho.

Jumapili, 12 Mei
Kumbe sampla imenasa kila kitu! Nimekaa nayo tangu asubuhi. Nimekata mapigo ya Bwana Ngoma vipande sitini na vinne, nimeyarudisha kwenye mia na kumi kamili. Hakimbii tena! Twende! iko kitufe cha nne. Nimekibonyeza mara nyingi, kuhakikisha.

Nimemwandikia kwamba Jumanne sitaweza, nina mazoezi. Akauliza na nani. Ningemwelezaje? Na yeye.

Mkutubi anatutaka tena mwezi ujao. Nimejaza fomu. Idadi ya wasanii: watano.