Balozi Ala Mtihani wa Watu

Kwa mujibu wa Balozi mwenyewe, hakuna mji asioujua, hakuna chakula ambacho hajakionja, wala picha iliyowahi kumshinda kuielewa. Kwa mujibu wa majirani, Balozi ni jina alilojipa tu; yeye ni fundi cherehani anayetia viraka sare za shule, na safari yake ndefu kuliko zote ni ile ya kwenda kununua vifungo. Lakini majirani nao, wivu tu.

Wikiendi ile alijitwika kazi ya kuwatembeza watu wawili. Mmoja ni rafiki yake, kinyozi. Wa pili ndiye aliyemkosesha usingizi: kaka mkubwa wa mchumba wake. Kaka huyo alikuwa bwana afya, mkaguzi wa mabucha na mahoteli, mtu wa maneno machache. Wazazi wa binti walimtuma akamtazame Balozi kwa karibu. Akirudi na neno zuri, posa ingepokelewa. Akirudi na neno baya, Balozi aendelee na viraka vyake.

"Kuna mji mmoja nimeumaliza," Balozi alijigamba. "Kuna mama mchoraji, kila Jumamosi anapika vyakula vya kwao na kuonyesha picha nyumbani kwake. Mimi pale ni kama mwanawe wa kumzaa."

Habari za mama huyo alizisoma juzi yake, kwenye kipande cha gazeti alichofungiwa vifungo dukani.

Njiani alimwita bwana afya "shemeji" mara ishirini. Bwana afya aliitika mara mbili, zote kwa kusahau.

Walifika saa sita mchana, matumbo yakiwadai. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, harufu ya vitunguu inatoka, vijiko vinalia, na kibao kikubwa kimeandikwa KARIBUNI. Mtu mwenye akili zake angeingia. Balozi alichekea puani.

"Huo ni wa wageni, shemeji. Sisi wenyeji tunapita nyuma."

Nyuma walikuta chumba kikubwa chenye madirisha mapana. Katikati palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake nusu mkate, samaki mzima wa kukaanga, maembe mawili na bakuli la zabibu. Stuli nane ziliizunguka. Ukutani ziliegemezwa picha nane, zote zimegeuzwa mgongo.

"Mnaona tulivyoandaliwa?" alisema Balozi, akavuta stuli. "Picha tutazitazama tukishashiba."

"Hakuna hata nzi," kinyozi alishangaa.

"Usafi huo. Shemeji, wewe ndiye mtaalamu, hebu sema."

Bwana afya aliinama, akamtazama samaki kwa muda mrefu. "Macho yamezama. Huyu ana siku nne."

"Huku wanamlaza kwanza, akolee viungo."

Kinyozi naye aliuinua mkate, akaunusa, akaunusa tena. "Mbona unanukia spirei ya nywele? Hii naipuliza kila siku kazini."

"Wewe kila kitu kwako saluni. Hayo ni majani ya huku. Ulimi usiosafiri una taabu."

Hapo Mungu alikuwa amempa nafasi mbili za kujiokoa, tena kwa mkono wa wataalamu. Lakini mjuaji akishaanza kujua, hana breki. Alimega mkate ukalia kama kigae. Alitafuna machozi yakamlenga, akayaita utamu. Akamshukia samaki, akamgeuza upande wa pili, akamalizia na maembe, huku wenzake wamesimama wanamtazama kama watu walio msibani.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mmoja mwenye aproni ya rangi, na nyuma yake wanafunzi wanane wenye brashi. Wote walisimama palepale.

"Nani amekula mtihani?" mama aliuliza.

"Shikamoo, mama," Balozi alisema, shavu limejaa. "Mwanao nimefika."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Ikabidi aelezwe. Mama alikuwa pia mwalimu wa uchoraji, na wanafunzi wake wale walikuwa wakiichora meza ile kwa siku nne, ndio mtihani wao. Kila asubuhi vyakula vilipuliziwa spirei ya nywele ili visisinyae wala kuguswa na nzi. Zilibaki saa tatu tu, kisha wasahihishaji waje kuchukua picha. Msichana mmoja alianza kulia, kwani samaki wake hakuwa na mkia bado.

Balozi aliona aibu ya kweli, ya kwanza tangu azaliwe. Alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

Mama mchoraji alifikiri kidogo. "Mtihani unasema wachore chakula kilichomo chumbani," alisema, akaelekeza brashi kwenye tumbo la Balozi. "Na bado kimo. Panda mezani."

Akapanda. Alishikishwa mifupa ya samaki mkono mmoja na bakuli la zabibu mkono wa pili. Bwana afya na kinyozi walizungukia mlango wa mbele, wakala chakula chenyewe, moto, wakaongeza. Balozi akabaki anasikia vijiko vyao, na tumboni mwake samaki na spirei wakigombea njia ya kutokea.

"Naomba kwenda haja," alinong'ona.

"Usitikisike, kaka," alisema yule msichana. "Ndiyo kwanza naanza shavu."

Wanafunzi wote walifaulu. Msichana alipata alama za juu, na matokeo yalipotoka, bwana afya akamwomba ile picha.

Jumapili iliyofuata Balozi alikwenda ukweni kusikiliza jibu, kavaa suti aliyojishonea mwenyewe. Sebuleni alijikuta ametundikwa ukutani: yuko juu ya meza, shavu limevimba, mifupa mkononi, macho ya mtu anayetafuta choo. Baba wa binti aliitazama picha, akamtazama Balozi, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe ndiye mkaguzi. Unasemaje?"

Bwana afya alikohoa kidogo. "Baba, kwenye mabucha kitu cha namna hii tunakiandika hivi: hakifai kwa matumizi ya binadamu."