Utabiri Kuhusu Poda ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu mdogo, ambaye nyumbani tunamwita Mpelelezi, ameingia kwenye maonyesho ya sayansi ya shule. Mada: kemia ya kuchunguza uhalifu. Anakusanya vitu vyeupe vya ungaunga, anavidondoshea ayodini, ile dawa ya vidonda ya kahawia, aone kipi kitageuka cheusi. Kabla ya tone anaandika utabiri. Baada ya tone, matokeo. Unga wa ngano alitabiri mweusi, ukawa mweusi. Chumvi alitabiri haibadiliki, haikubadilika. Mtoto mkali!

Kesho ni zamu ya poda ya kinyozi, yaani yangu. Ametabiri itakuwa nyeusi. Atapitia dukani kuichukua akitoka shule.

Fundi cherehani wa mlango wa pili amekuja kujigamba. Bintiye ametengeneza jiko la jua. Eti majaji watatoa machozi. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Asubuhi nimeijaribu poda kwa siri. Haikugeuka. Nikaongeza tone. Wapi! Mwanangu atakosea, na jiko la jua linatungoja.

Lakini mimi si ndiye baba? Nimerudi nyumbani, nimechota unga wa ngano, nimeutia mfukoni mwa shati, nimeumwaga kwenye kopo la poda. Nimekoroga kwa kitana. Nikajiona daktari.

Mara akaingia nani? Fundi cherehani, anataka kunyolewa. Nikamnyoa, nikampaka poda shingoni kama kawaida. Jasho linamtiririka. Shingo ikawa donge. Akauliza kama nimemnyoa au nimemkanda. Nikasema ni poda mpya, ya wateja maalumu. Akaomba kidogo ampelekee mkewe!

Jioni, jaribio. Nyeusi! Mpelelezi ameruka. Nami nimeruka, goti likalia.

Jumatano, 5 Machi
Mpelelezi haruki tena. Ametazama kwa kioo cha kukuzia. Anasema weusi umekaa madoadoa, katikati yake poda nyeupe pepepe. Kuna mtu kachanganya kitu. Nimemshauri asichimbe sana, kwani utabiri si umetimia? Amenitazama kama mteja niliyemkata sikio.

Amefungua kesi. Washukiwa: mama yake, fundi cherehani na mimi. Kila mmoja atoe nguo ya jana ipate tone lake. Mke wangu ametoa gauni huku akicheka, akaniuliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 6 Machi
Gauni safi. Nguo ya fundi, kola tu ndiyo imegeuka, kwa ile poda ya shingoni, na mfuko hauna kitu. Shati langu: mfuko mweusi tii.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amenigeuzia karatasi nisome alichotabiri kuhusu kila mshukiwa. Kwangu ameandika: Baba, hapana. Hawezi kunifanyia hivi. Pembeni, kwenye matokeo: Ni Baba.

Nikamwambia sikutaka akosee mbele za watu. Akasema kukosea anaruhusiwa, Baba. Anachotakiwa ni kuandika alichodhani, kisha alichokiona. Sasa hajui alichokiona ni kipi. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Mke wangu amesema nimeharibu, kwa hiyo nikae kimya. Nimekaa kimya, hapohapo mlangoni. Mwishowe mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, sauti ikaomba poda safi. Nimekimbia dukani kufungua kopo jipya. Nimefika ndipo nikaona nimevaa ndala za mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Maonyesho. Poda safi haikugeuka, na Mpelelezi ameandika wazi kwamba alitabiri vibaya. Kando yake amelitundika shati langu, mfuko nje, kama ushahidi mahakamani. Watu wakajaa. Jaji mmoja akauliza kama mshukiwa alikiri. Mpelelezi akanishika mkono, akasema mshukiwa ndiye huyu, ana moyo mzuri, ila asiachwe peke yake na kopo. Nikawapungia watu.

Nafasi ya pili! Ya kwanza, jiko la jua. Fundi cherehani akaja kunipa pole ya shati, akajitolea kunishonea jingine lisilo na mfuko. Nilitaka kukasirika. Lakini mkono wangu ulikuwa bado umeshikwa.

Jumapili, 9 Machi
Wawili wa kwanza wanaendelea ngazi ya juu. Mpelelezi ameongeza jaribio: alama za vidole kwenye glasi. Ameishika glasi, ametabiri kwamba poda itaonyesha alama zake wazi kabisa, ameiacha mezani hadi jioni. Amenionya. Nimeapa. Ameenda kuoga.

Nimeinama kutazama tu. Alama zenyewe hafifu mno! Vidole vya mtoto, vikavu. Ataumbuka mbele ya majaji wakubwa.

Nimepaka dole gumba langu mafuta ya nywele, nimeligandamiza mara moja, katikati ya glasi. Limetoka zuri ajabu, kila mstari unasomeka.

Na safari hii hakuna wa kunikamata. Sijagusa unga, sijagusa poda. Dole ni dole tu. Nani atajua ni la nani?