Sketi ya Goliathi

Jumatatu, 14 Julai

Siku kubwa! Binti yangu Boke atakuwa Goliathi!

Niandike vizuri, siku moja wajukuu wasome. Kigango chetu cha Nyarero kinakwenda Mugumu kwenye kongamano la vijana, na kila kigango kitaigiza hadithi moja ya Biblia. Sisi tumepangiwa Daudi na Goliathi. Baada ya ibada katekista Athanas aliwapanga vijana mstari akawatazama. Hakutazama sana. Boke anaonekana hata ukiwa umefumba macho. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana na bado anarefuka.

Shuleni walimwita nguzo ya umeme. Tangu hapo anatembea ameinama. Hata mlango wa kanisa, ambao tembo angepita, yeye anauinamia. Nilijua atakataa. Akasema ndiyo! Kwa sauti, mbele ya watu! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Halafu shetani akanipitia. Athanas alisema fundi Benedicto atatengeneza vyuma vya vita kwa madebe, lakini bati halivaliwi juu ya ngozi. Anatakiwa mtu wa kushona kizibao cha sponji cha kuvaa chini yake, sketi ya vipande vipande, mikanda ya kufungia, na kitu laini cha ndani ya kofia. Verdiana akainua mkono. Verdiana ana kibanda cha ushonaji sokoni, na mwanawe Machage ndiye Daudi. Yaani mama wa Daudi amshonee Goliathi? Hapana! Nikasimama. Nikasema nitashona mimi, kwa sababu zamani niliwashonea masista.

Niliwashonea mto mmoja. Ule mdogo wa kuchomekea sindano.

Jumatano, 16 Julai

Sponji nilikuwa nayo nyumbani siku zote. Ninailalia.

Nimekata godoro upande wa miguu. Mtu akilala, kichwa na kiuno ndivyo vinavyotaka godoro. Miguu imeshazoea ardhi tangu asubuhi. Nikatandika shuka juu, hata mimi mwenyewe nisingejua. Nyangwine, baba yake Boke, akarudi mnadani amechoka, akajitupa kitandani. Kisha akaniita Mokami. Siyo Mama Boke. Mokami! Nikajua mambo yameharibika. Akauliza miguu yake imeenda wapi.

Nikamwambia imeenda kwa Goliathi. Akasema katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kukata godoro la mume. Nikamjibu katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuwa Goliathi vilevile. Analala amekunja magoti kama mtoto mchanga.

Cherehani ya marehemu mama mkwe nimeitoa chini ya televisheni. Inakubali kushona kwa kurudi nyuma tu. Si neno. Nitaanzia mwisho.

Ijumaa, 18 Julai

Kizibao kimekwisha. Kinene! Kizuri! Risasi ingeomba njia.

Shida ni moja. Nilimpima Boke akiwa ameshusha mikono, na sasa mikono imebaki hukohuko chini. Nikamwambia nyanyua mkuki. Akanyanyua nyusi. Amekaa kama mtu aliyeficha kuku wawili kwapani na mwenye kuku anapita.

Na nani akapita? Verdiana. Eti anatafuta mbuzi wake. Mbuzi gani, anafuga kondoo! Akamzunguka mwanangu taratibu. Akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Mama Boke, mpenzi, hapo kwapani huwa tunaweka kipande cha pembe nne. Sisi tunaoshona." Sisi tunaoshona! Nikamwambia Wafilisti hawakuwa watu wa kunyanyua mikono ovyo. Akauliza basi walipiganaje. Nikamjibu kwa vitisho.

Alipokata kona tu nikapasua kwapa zote mbili nikaweka kipande cha pembe nne. Sasa mikono inapanda mpaka kwa Mungu. Watu wakiuliza, ni wazo langu.

Jumapili, 20 Julai

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Sketi niliikata kwenye shuka jeupe, vipande virefu vya kuning'inia kiunoni, nikavitia rangi nyekundu. Mama yangu, Mungu amrehemu, kila kitenge kipya alikiloweka kwenye maji ya chumvi ili kisichuje. Konzi moja. Lakini konzi moja ni ya kitenge cha mtu wa kawaida. Goliathi anataka zaidi. Nikaenda kwenye gunia la Nyangwine, ile chumvi ya mawe anayowapa ng'ombe, nikamimina mpaka maji yakawa mazito. Nikavianika vipande kwenye uzio wa zizi, penye jua zuri. Nikaingia kupika.

Jioni natoka, ng'ombe wamerudi malishoni. Nikamwona yule jike wetu mwenye pembe moja. Mdomo mzima damu! Inachuruzika mpaka kifuani! Nikapiga yowe.

Kwetu yowe likitoka upande wa zizi, halina maana nyingine. Ni wezi wa mifugo. Kabla sijafunga mdomo walishafika. Mapanga, marungu, mishale, mzee mmoja na taulo lake. Wakauliza wamekimbilia wapi. Wengine hawakuuliza, walishavuka korongo kuelekea mpakani. Ikabidi niseme, mbele ya wanaume wote wa kitongoji, kwamba hakuna mwizi. Ng'ombe amekula sketi ya Goliathi.

Wakamtazama ng'ombe. Ng'ombe naye anatafuna, kipande kinaning'inia. Mwishowe mmoja akamwambia mwenzake, "Mura, ndugu yangu, twende tukale, huyu ameshakula." Waliovuka korongo hawajapata habari mpaka sasa. Verdiana naye alikuja, na mwiko. Akasema pole sana. Bega lilikuwa linacheka.

Hakuna kipande kilichobaki. Nimelia mpaka ugali ukaungua.

Ila kosa nimeshaliona. Uzio ule uko chini mno.

Jumatano, 23 Julai

Nimekata mapazia ya sebuleni. Mapazia yangu mekundu! Wageni walikuwa wakiyashika kabla hata ya kunisalimia. Upande wa dirisha yalikuwa yamepauka, kwa hiyo nimeyatia rangi tena, na chumvi mara mbili ya ile. Safari hii nikaanika juu ya paa. Yamekauka magumu kama ngozi, yanameremeta kabisa. Nyangwine akatazama dirisha tupu, akatazama paa, akachukua fimbo yake akaenda kukaa kwa kaka yake.

Mchana Benedicto akaleta vyuma. Kifua ni debe, maandishi ya mafuta ya kupikia ameyageuzia ndani. Kofia ni sufuria. Ndani ya sufuria nimeweka ngata, ileile ya kubebea ndoo ya maji, nimeizungushia kitambaa. Na kola ya kizibao nilikuwa nimeishindilia sponji yote iliyobaki, mpaka masikioni.

Boke akavaa. Nikamfunga mikanda. Akataka kuinama kama kawaida yake. Kola ikakataa.

Jamani! Mwanangu akasimama. Miaka yote hii nimezaa mti mzuri hivi, na sikuwahi kuuona wote. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, pazia halipo, anaonekana vizuri. Akasema polepole, "Mama, kumbe mimi ni mrefu." Nikakimbilia jikoni, nikarudi nikalaumu moshi. Moto nilikuwa sijawasha.

Raha haikukaa. Athanas akaja kukagua. Akamwambia Boke anguka. Boke akajaribu. Hakuanguka, kizibao hakikunjiki. Akamsukuma kidogo, akarudi wima kama mche wa mahindi baada ya upepo. Athanas akasema Goliathi asiyeanguka si Goliathi. Akifika Ijumaa bado anasimama, nafasi anapewa kijana mwingine, na nguo anashona Verdiana.

Boke akavua sufuria. Nikaiona shingo inarudi chini, taratibu, mahali pake pa zamani.

Bora Athanas angenitukana mimi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekata kizibao kiunoni vikawa viwili, nikaviunga kwa mikanda ya mabegi ya shule. Vidole vimejaa matundu kama chujio. Athanas aliagiza kola nayo niipunguze. Nikamwambia nimeipunguza. Sikuigusa hata uzi.

Boke ameanguka! Ameanguka vizuri sana. Ameangukia kuku. Athanas akatikisa kichwa akasema haya, twendeni. Kuku tumekula kwa heshima.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeandika haya nyumbani. Kesho sitoki. Hata kanisani sitaenda. Siendi popote mpaka watu wafe wote waliokuwa Mugumu leo.

Tulipanda lori la Fuso alfajiri. Verdiana akapanda na kondoo wawili. Kondoo wa kweli! Eti Daudi ni mchungaji, ataendaje vitani mikono mitupu. Njia nzima wale kondoo hawakula kitu. Njia nzima wananitazama mimi na furushi langu. Nikadhani wameambukizwa wivu na mwenyewe.

Uwanja ulijaa. Mapadri mbele, waamuzi kwenye meza. Boke akatokea. Uwanja mzima ukasema aaah! Jua linapiga debe, mapazia yangu yanameremeta, sufuria iko huko juu kwenye ngata yake. Akanguruma, "Nileteeni mtu!" Mtoto aliyekuwa anaongea na viatu vyake! Nikamshika mkono mama mmoja wa Mugumu, simjui, nikamwambia yule nimemzaa mimi na nimemshona mimi.

Machage akaingia na kondoo wake. Kondoo wakanyanyua pua. Wakamwacha Daudi palepale wakaenda kwa Goliathi mbio. Wakaanza kulamba sketi.

Boke tangu mchanga hawezi kutekenywa. Akasema, "Nyama yako nitawapa ndege wa angani," huku anacheka. Kondoo wakafika magotini. Akasema "ndege" mara nyingi, nyama ikamshinda. Machage akarusha jiwe lake la sponji, ndiyo, godoro langu, yale mabaki niliyoyakata kiunoni, likampata sawasawa kwenye sufuria. Goliathi hana habari! Anacheka tu! Athanas nyuma ya turubai anaita anguka, anguka! Akajaribu. Lakini kondoo mmoja anavuta kulia, mwingine anavuta kushoto, ataangukia wapi? Mapazia yakaanza kutoka, kipande, kipande, kipande. Namshukuru Mungu chini alivaa bukta ya mpira.

Ndipo mwanangu akawainua. Kondoo mmoja kwapa hii, kondoo mwingine kwapa ile, na kile kipande cha pembe nne kikamruhusu. Akaondoka nao. Wima! Daudi anamkimbilia nyuma analia, "Boke, kondoo wa mama! Kondoo wa mama!"

Watu walisimama, walipiga makofi, wengine walikaa chini kwa kucheka. Waamuzi hawakucheka. Tumekuwa wa mwisho kabisa. Mwamuzi mmoja akatangaza kwa kipaza sauti kwamba hajawahi kusoma mahali popote Goliathi akirudi kwao na mifugo. Athanas alikuwa amejifunika uso na Biblia. Verdiana akaniambia nimemnyang'anya mwanawe ushindi ulioandikwa tangu enzi za manabii. Mimi, Mokami, nikainama kuokota vipande vya mapazia.

Kurudi, Boke alisimama mbele kabisa kwenye Fuso, ameshika chuma. Gauni lake la kawaida, kola iko kwenye furushi. Vijana wa vigango vingine wanaita "Goliathi! Goliathi!" naye anawapungia mkono. Hakuinama hata kwenye matawi. Yalimpiga usoni akacheka.

Sikuweza kufurahi. Nilikuwa nafikiria mapazia.

Jumatatu, 28 Julai

Nyangwine bado yuko kwa kaka yake. Jua linaingia sebuleni bila hodi. Usiku miguu yangu inaning'inia. Nimekwisha.

Athanas akaja asubuhi. Nikajua amekuja kunitoa kwenye jumuiya. Akakohoa. Akasema Krismasi tutaigiza hapahapa kigangoni, kunatakiwa askari sita wa Herode, na nguo atashona Verdiana. Nikainamisha kichwa.

Boke akatoka ndani. Akamwamkia shikamoo katekista, wima, akimwangalia kutokea juu. Akasema yeye ndiye atakuwa mkuu wa askari, na nguo atashona mama yake. Athanas akamtazama, shingo imemkunjika nyuma. Akasema haya.

Sita! Nimeanza saa hiyohiyo. Godoro lililobaki nimeshalikata, Nyangwine akirudi hatakuwa na la kulinganisha. Na kosa la Mugumu nimelifikiria sana. Makosa ni mawili. La kwanza, kondoo wa Verdiana hawana malezi. La pili, chumvi ilikuwa kidogo. Ndiyo maana rangi ilichuja walipolamba, midomo yote ilikuwa myekundu. Safari hii naloweka gunia zima.

Boke akaniuliza kwa upole kama nimewaza vizuri habari ya hiyo chumvi. Nikamwambia nilianza kushonea masista yeye hajazaliwa.

Athanas ana wasiwasi tu kuhusu pango la Betlehemu. Anataka wanyama wa kweli, ila hajui atawapata wapi. Nikamwambia asihangaike, wa Verdiana wapo, na sisi tutamleta yule wetu mwenye pembe moja. Yeye ameshazoea mavazi.