Cheti cha Kilo Sitini

Barasa wa Bungoma aliiona riziki yake mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyuo vikuu vilipofungwa kwa ghasia na wanafunzi wakarudi Kitale kukaa bure na kuogopa Ukimwi. Waliuogopa kwa maneno marefu. Hospitalini hawakanyagi, ati sindano yenyewe ndiyo inauleta. Basi Barasa akavaa koti jeupe, akakodi ghala la mahindi pamoja na mzani wake wa kuning'iniza magunia.

"Virusi hula nyama," akawaeleza. "Mwenye kilo sitini hana. Hiyo ni sayansi, bana."

Zachary, msomi wa mwaka wa tatu, akayaandika hayo kwenye daftari.

Kila mmoja alifungwa mkanda, akavutwa juu kwa kamba, akasomwa, akashushwa, akapewa cheti chenye muhuri. Malipo ni saa ya mkono. Waliokonda walikuja na mawe mfukoni. Haya, tegueni: gunia gani limesoma miaka kumi na tano? Mmeshindwa, nipeni mji.

Kufika saa sita mfuko wa Barasa ulikuwa umejaa saa. Kilichobaki ni kuubeba hadi Bungoma kabla muuguzi yeyote hajapita hapo. Ndipo akaingia Wangui, mchumba wa Zachary, mwembamba kama ufito. Zachary alikuwa amemwambia: bila cheti, hakuna harusi.

"Daktari, mimi naogopa kuning'inia," Wangui akasema. "Panda wewe kwanza nione."

"Mimi najijua, dada."

"Ati daktari anaogopa mzani wake?"

Barasa akaona nyuso zinaanza kubadilika. Akajifunga mkanda. Wangui akavuta kamba, akaifunga kwenye nguzo, akasoma kwa sauti: "Hamsini na tatu."

Wasomi wakarudi nyuma mpaka mlangoni. Zachary akaziba pua kwa daftari.

"Nishusheni, jamani," Barasa akasema, mkanda ukimkaba mbavu. "Mzani haupimi ugonjwa. Nilikuwa nawadanganya."

"Wagonjwa wote husema hivyo," Zachary akajibu.

Hakuna aliyesogea. Wangui peke yake akaja chini yake, akamuuliza polepole, "Na mfuko?"

"Chukua. Nishushe tu."

Akaifungua kamba, akampokea kwa makwapa, akamsimamisha, akamkung'uta vumbi la mahindi. Kisha akawageukia wasomi.

"Huu ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana, na hauonekani kwa kilo. Damu ndiyo hupimwa."

Hawakusikia. Walikuwa wanaitazama mikono yake.

Akatoa saa moja mfukoni. "Zachary, yako hii."

Zachary akaficha mikono mgongoni.

"Nani mwingine anataka yake?"

Njia ikafunguka hadi nje, pana kabisa. Wangui akapita katikati yao na mfuko begani, bila haraka, akashika barabara. Barasa akabaki kuutazama ukienda, akatamani kulia: ghala zima la wasomi, na hakuna hata mmoja wa kumpigia Wangui kelele za mwizi.