Mkoa Wenye Kaya Moja

Kuanzia Jumatatu ile, uchumi wote wa Mkoa wa Mara ulihamia ndani ya kompyuta ya Ofisi ya Mizania Jumla, Musoma mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi viatu. Wananchi waliombwa kuwa watulivu na kuendelea na shughuli zao kana kwamba uchumi bado uko nje.

Aliyetoa tangazo hilo ni Mkurugenzi wa ofisi, Bwana Prosper Machibya, mtu mnene mwenye adabu, ambaye hakutamka neno refu pasipo kulitangulizia kikohozi. Ofisi yake iliundwa kwa kusudi moja tukufu: kupambana na umaskini wa mkoa. Ilikuwa imepambana nao kwa semina miaka kadhaa, lakini umaskini haukuhudhuria hata moja. Ndipo ilipoamuliwa kwamba itumike programu.

Programu yenyewe iliitwa Mizani. Ndani yake mlikuwamo mashamba, mitumbwi, maduka, kodi na serikali. Ukiiambia kwamba mvua imepungua Bunda, ilipekua bei za vitu vyote, ikipandisha hii na kushusha ile, hadi kila kilichouzwa kimepata mnunuzi na kila kilichopokewa kimetoka mahali. Hapo iliandika kwa rangi ya kijani: SULUHISHO LIMEPATIKANA. Iliposhindwa iliandika kwa wekundu: HAKUNA SULUHISHO, na siku hiyo Bwana Prosper hakugusa chakula chake cha mchana.

Walioitengeneza, ili kurahisisha hesabu, hawakuwaweka watu wote wa mkoa. Waliwakunja katika kaya moja ya kufikirika, Kaya Wakilishi, iliyolima, iliyonunua na iliyokula kwa niaba ya wote. Justina, mtaalamu wa kompyuta wa ofisi, alimfafanulia Mkurugenzi kwamba kaya hiyo haipo popote duniani.

"Haipo?" Bwana Prosper alikohoa. "Mimi, Justina, sijawahi kufanya kazi na mtu nisiyeweza kumwita ofisini. Itafutwe."

Ikatafutwa. Kabasa, mjini Bunda, ilipatikana kaya ya wastani kabisa, lakini baba mwenye nyumba aliuliza habari za posho, jambo lililodhihirisha kwamba yu juu ya wastani. Hatimaye msafara ulifika Mwitongo, Butiama, kwa Mzee Keraryo na mkewe Jenoveva. Walikuwa na muhogo kiasi, ng'ombe kiasi, binti mmoja wa kuolewa, na viti vilivyowatosha wageni wote. Kigezo cha viti ndicho kilichoamua.

Mzee Keraryo alitia sahihi mkataba pasipo miwani yake. Humo aliahidi kwamba kaya yake haitazaa, haitakufa, wala haitaoza binti bila kibali cha Mkurugenzi. Kibao cha bati kikapigiliwa juu ya mlango: KAYA WAKILISHI YA MKOA. Tangu hapo karani alifika kila asubuhi kuandika walichokula. Mzee alipougua jino akashindia uji, ofisi ilitangaza kwamba Mkoa wa Mara umeacha nyama kwa hiari yake.

Ukame ulipokuja, yakaletwa mahindi ya msaada. Bwana Prosper alipeleka gunia moja Mwitongo, kwa hafla fupi yenye spika kubwa. Mengine yalifungiwa ghalani ili yasivuruge mizania. Majirani walikuja na vikapu.

"Na sisi, Mheshimiwa?" aliuliza Mugeta, jirani wa ng'ambo ya njia.

"Ninyi mmo humu," alisema Bwana Prosper, akiielekeza fimbo yake kwenye nyumba ya Keraryo. "Ikila kaya hii, mkoa mzima umekula."

Mugeta alijipapasa tumbo. "Basi huku taarifa haijafika. Mnazitumaga kwa basi au kwa posta?"

Watu walicheka. Jenoveva hakucheka. Aliusubiri msafara uondoke, akalifungua gunia, akawapimia majirani mahindi kwa bakuli, kinyume cha mkataba.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya harusi. Nyamburi, binti wa kaya, alikuwa amechumbiwa na Masatu, mvuvi wa Makoko. Mahari yalikwisha kukubaliwa, matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani mara mbili, na lililobaki lilikuwa la Jumapili. Justina akawaingiza ng'ombe wa mahari ndani ya Mizani. Kompyuta ilinguruma, ikapiga feni, ikaandika kwa wekundu. Kwani kaya ya Keraryo ikipokea ng'ombe, basi kila kaya ya Mara imepokea ng'ombe, na hakuna hata moja iliyotoa.

Bwana Prosper alifanya jambo ambalo kiongozi yeyote makini angelifanya. Aliweka mgambo barabarani, ng'ombe wa Masatu wakarudishwa walikotoka, na ndoa ikaahirishwa hadi mizania itakapotengemaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa muungwana, alikwenda Mwitongo mwenyewe kueleza, akifuatana na Justina na kompyuta mpakato.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema Nyamburi, macho yamemwiva kwa kulia. "Mimi nilikubali kuolewa na Masatu. Sikukubali kuolewa na kompyuta. Tangazo la Jumapili lisiposomwa, wazee wake wanapeleka posa kwingine. Wameshasema."

"Marahaba, binti. Nakuelewa. Lakini ng'ombe lazima watoke mahali."

"Si wanatoka Makoko!" alifoka Mzee Keraryo.

"Mzee wangu, ndani ya programu hakuna Makoko. Kuna kaya moja tu. Hii."

Jenoveva aliacha kuchekecha udaga wake wa muhogo. "Yaani na Masatu ni wa kaya hii?"

"Kitakwimu, mama, ndiyo."

"Kaka yake Nyamburi?"

"Kitakwimu."

"Yesu wangu! Na padri anajua?" Alijifuta unga mikononi. "Na wewe, mwanangu uliyevaa tai, ni wa kaya gani?"

Hapo palikuwa mahali pa kunyamaza. Lakini majirani walikwisha kujaa uani, na Bwana Prosper hakuwahi kuupita umati bila kuuhutubia.

"Hata mimi nimo!" alisema kwa sauti ya jukwaani. "Mkurugenzi, mvuvi, mkulima: sote ni kaya moja!"

Walipiga makofi, Mugeta kuliko wote.

"Basi nieleweshe mimi mama yako," alisema Jenoveva. "Ng'ombe akitoka zizi lile la kaya, akaingia zizi hili la kaya, kaya imepungukiwa nini?"

"Haikupungukiwa."

"Imeongezewa nini?"

"Haiku..." Bwana Prosper alimgeukia Justina. Justina alikwisha kubonyeza. Kijani kilitanda kioo kizima.

"Ndoa imeidhinishwa," akatangaza, kana kwamba hilo ndilo lililomleta.

"Ahsante, mwanangu. Sasa umebaki wajibu wako. Kwetu sisi, binti hutolewa katika nyumba ya kaka yake mwenye nafasi. Na Nyamburi hana kaka mwingine mwenye nyumba ya vigae."

Siku ya pili yake lori lilisimama Makoko, mbele ya nyumba ya serikali aliyopewa Mkurugenzi. Walishuka Keraryo, Jenoveva, Nyamburi, mashangazi, mikeka, kuku, na kile kibao cha bati, ambacho Mzee alikipigilia juu ya mlango wa sebule. Bwana Prosper alifikiria kuwafukuza. Lakini kuwafukuza kungekuwa kuifukuza kaya pekee ya mkoa, na mkoa usio na kaya haupati bajeti.

Tangazo lilisomwa, ndoa ikafungwa. Masatu aliingia na sangara wa karai zima, na mashangazi walimzunguka kaka wa bibi harusi wakimwimbia hadi akaahidi mbuzi. Wageni waliondoka; wazazi walibaki.

"Kaya haihami nusunusu," Jenoveva alimfahamisha, akiomba siagi.

Karani, mtu wa wajibu, aliifuata kaya huko huko. Aliandika kuku wa kukaanga, juisi na siagi. Aliandika vigae, majokofu mawili, gari na dereva wake. Mizani iliyapokea yote pasipo kinyongo. Kwa kuwa kaya moja ilikuwa hivyo, kila kaya ya Mara, kuanzia Kabasa hadi visiwani, ilikuwa na dereva.

"Mkurugenzi, tusirudie kuangalia?" aliuliza Justina.

"Kijani hakitiliwi shaka, Justina."

Aliitia sahihi taarifa hiyo mwenyewe, akaituma makao makuu mwenyewe, kisha akashonesha suti ya kupandia cheo.

Jibu lilisomwa redioni kwa sauti nzito. Kuanzia Jumatatu, Mkoa wa Mara ulitangazwa kuwa hauna maskini hata mmoja. Wananchi waliombwa kuwa watulivu na kuendelea kutajirika. Ofisi ya Mizania Jumla ilipongezwa kwa kumshinda adui yake. Na kwa kuwa ofisi isiyo na adui haina kazi, ilivunjwa. Nyumba, gari na dereva virejeshwe. Mkurugenzi, akiwa mmoja wa wakazi wa mkoa huo tajiri, hatahitaji kiinua mgongo.

Palibaki mahali pamoja ambapo Bwana Prosper alikuwa mwanakaya. Alishuka Mwitongo na sanduku lake, ndani ya suti mpya.

"Karibu, Mheshimiwa!" Mugeta alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya njia. "Ningekupokea kwa gari, ila dereva wangu kaenda kuchunga mbuzi!"

Uani kwa Keraryo, ambako wazee walikwisha kurejea, kibao cha bati kilikuwa mlango wa banda la kuku. Watu walikuwa wamemaliza kula; Jenoveva alikuwa akilowesha sufuria.

"Shikamoo, mama. Nimetoka Musoma tangu asubuhi, sijatia kitu kinywani."

"Marahaba, mwanangu, pole na safari." Alimsogezea kimoja cha vile viti. "Lakini usihofu. Sisi tumekula, tena vizuri. Na ikila kaya hii, mkoa mzima umekula."

Bwana Prosper alikuwa mtu wa kanuni. Aliketi, akakunja mikono juu ya tumbo, akasubiri taarifa imfikie.